Nyota Yenye Kula Ndugu

Kiti ninachowaachia kina magurudumu matano, na moja limekwama. Msilitengeneze. Kiti kisichoteleza humlazimisha mtu abaki mbele ya kompyuta mpaka aone kile alichotakiwa kuona. Wengi wamesema kwamba nina kipaji, na sijawahi kumkatiza mtu anayesema hivyo, lakini kwa kuwa sasa nimestaafu na ninyi ndio mnaorithi meza, naweza kuwaambia siri ya kazi yetu: nilikaa.

Mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kwa Kiswahili, ili muwe na kitu cha kuwasomea watu wa nyumbani wanaouliza mnafanya nini mchana kutwa katika chumba kilichojaa betri. Nitaandika. Vyeo nitavipita, ingawa vilikuwepo. Mishahara haiwahusu. Diploma zangu tatu sitazieleza, kwa sababu ziko ukutani sebuleni kwangu Kikula, na kila mgeni huzisoma kabla hajapewa kiti.

Nilizaliwa Shituru, hapa Likasi, Katanga, katika nyumba za kampuni ya madini, mtoto wa kwanza kati ya saba. Baba alikuwa fundi wa pampu kiwandani, akafariki nilipokuwa bado sekondari. Mama akahamia Kikula, akaanza kukaanga vitumbula, yale maandazi madogo ya mviringo ambayo nusu ya Likasi hunywea chai, na kwa vitumbula hivyo tulisoma. Sikuwa na mjomba waziri. Sikuwa na padri wa kunishika mkono. Nilifika Bulaya, yaani Ulaya, na cheti changu cha serikali na koti la kuazima, nikaosha sahani za hoteli muda wote wa masomo, na ninaamini hakuna daktari mwingine wa fizikia anayeweza kuondoa mafuta ya samaki kwenye sufuria kwa kasi yangu. Nilipata diploma ya pili, kisha ya tatu, ile inayomruhusu mtu kuitwa docteur. Hapo kituo kimoja cha utafiti kikanichukua niwe mtu wa zamu.

Siku ya kwanza nilivaa tai. Mkuu wa zamu alikuwa Madame Hortense, mwanamke mfupi aliyevaa koti la mvua hata ndani ya nyumba, akidai kwamba mashine za kupoza kompyuta zinamchukia yeye binafsi. Hakuniuliza nilisoma wapi. Jambo hilo liliniuma kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kujibu. Alinionyesha grafu yenye mstari uliolala muda mrefu, kisha ukaanza kupanda.

"Unaona nini?"

"Mlipuko, Madame."

"Unaona mstari unaopanda. Mlipuko ni maoni yako. Angalia kwanza jua lilikuwa wapi."

Jua lilikuwa pembeni mwa kamera, na mwanga wake ndio uliopandisha mstari. Nilivua tai kabla ya chakula cha mchana.

Kwa ajili ya shangazi zenu watakaosomewa karatasi hizi, nieleze tulikuwa tunalinda nini. Nyota kubwa ikimaliza moto wake, huporomoka ndani yake yenyewe na kubaki mpira mmoja mzito kuliko jua letu, uliobanwa katika upana usiozidi safari ya kutoka hapa Likasi hadi Kambove. Hiyo huitwa nyota ya nyutroni. Ikiwa peke yake hupoa na kusahaulika. Lakini baadhi zina mwenzao, nyota nyepesi inayozunguka karibu sana, na gesi ya mwenzao huyo huvutwa, ikamiminika na kujikusanya kama sahani kuizunguka ile nzito. Sahani hiyo hujaa kimya kimya kwa miaka. Siku moja inazidiwa, joto linapanda, na gesi inashuka kwa wingi juu ya nyota. Hapo eksirei hutoka kwa nguvu, siku kadhaa au wiki kadhaa, kisha kimya tena. Huo ndio mlipuko tunaoungoja. Na kwa kuwa gesi inaposhuka huisukuma nyota upande mmoja, miaka nenda miaka rudi, nyota huongeza mwendo mpaka inajizungusha mara mamia kwa sekunde moja. Sumaku yake huielekeza gesi kwenye ncha zake mbili, ncha hizo huwaka, na kila mzunguko hutupigia mmweko.

Hewa ya dunia inazuia eksirei, ndiyo maana kamera ziko kwenye setilaiti na sisi tuko mezani. Kazi ya mtu wa zamu ni kuona mstari ukipanda, kuhakikisha si jua wala kelele ya kamera yenyewe, kisha kuwatangazia wanaastronomia wa dunia nzima na kuomba setilaiti yenye jicho kali zaidi igeuzwe upande huo kabla nyota haijanyamaza. Ukichelewa, unaweza kungoja tena mpaka mtoto wako aote ndevu. Ukiwahi mno, unakuwa Gervas.

Gervas ni Mtanzania wa Iringa, mwenzangu wa meza na rafiki yangu hadi leo. Mwanzoni mwa kazi yake alitangaza mlipuko kwa mabara yote. Setilaiti ikageuzwa, ikakuta giza tupu. Gervas alikuwa ametangaza jua. Madame Hortense hakumgombeza. Alimletea miwani ya jua, akaining'iniza juu ya kompyuta yake, na ilikaa pale mpaka Gervas mwenyewe alipostaafu akaondoka nayo.

Kesi ngumu ya kwanza ninayoweza kuiita yangu ilikuwa ya nyota iliyowahi kulipuka kabla sijaajiriwa. Madame Hortense aliamini kwamba inazunguka kwa kasi kubwa, lakini hakuna aliyekuwa ameiona mimweko yake. Asubuhi moja mstari wake ukainuka. Niliangalia jua: mbali. Niliangalia kamera ya pili: nayo imeona. Niliangalia nyota za jirani, maana jirani akiwasha taa unaweza kudhani ni nyumba yako. Zote zimelala. Nikatangaza, setilaiti ikageuzwa, takwimu zikaja, na mimweko haikuonekana.

Sababu mnaijua, shangazi hawaijui. Nyota yenyewe inayumba kwa kuzungukana na mwenzake. Inapokuja upande wetu mimweko inafika mapema, inapokwenda mbali inachelewa, na ukiijumlisha bila kuisahihisha, inafutana. Ni lazima ukisie njia ya nyota, usahihishe, utazame, ukosee, ukisie tena. Hii ilikuwa inamaliza mzunguko wake kwa muda wa misa ndefu ya Jumapili, ile yenye ubatizo na matoleo mawili. Gervas alikisia ukubwa wa njia, mimi nikakisia muda. Yeye husema tuliipata wote wawili, lakini yeye yuko Iringa na anayeandika ni mimi. Nilipobonyeza mara ya mwisho, kilele kimoja kilisimama katikati ya grafu tambarare kama bomba la moshi la Shituru.

Madame Hortense alisimama nyuma yangu, akatazama, akavua koti.

"Sasa," alisema, "huo ni mlipuko."

Huyo ndiye aliyenifundisha kila kitu ambacho sikujifundisha mwenyewe.

Tabu yangu katika miaka hiyo haikuwa nyota, ilikuwa namna ya kuzieleza nyumbani. Kwetu Likasi eksirei huitwa radio. Ukikohoa sana, unatumwa hospitali upigwe radio ya kifua. Kwa hiyo nilipomwambia Mama kwa simu kwamba nafanya kazi na radio za nyota, alitangaza Kikula nzima kwamba nimekuwa mtangazaji.

"Anaclet, bantu banauliza ni radio gani. Banafungula kila asubui, hawakusikie."

"Haiko radio ya kusema, Mama. Ni radio ya kupiga, kama ya kifua."

"Kifua ya nani?"

"Ya nyota."

"Nyota inakohoa?"

"Unaweza kusema vile."

"Basi weye ni docteur. Nitabaambia docteur."

Sikumsahihisha. Diploma ilikuwa upande wake.

Mama yangu anaitwa Mama Anaclet. Jina lake la ubatizo lipo kwenye vitabu vya parokia, lakini mtaani, sokoni na katika kikundi cha wamama wa sala, jina lake ni jina langu. Nikipanda naye anapanda. Hilo lilinifurahisha kwa miaka mingi, na sikuwaza kwamba jina hilo lina upande wa pili.

Mdogo wetu wa mwisho, Fidèle, alikufa kwa homa ya muda mfupi, mimi nikiwa Bulaya. Makaratasi yangu yalikuwa kwenye ofisi za watu, sikuweza kuja kumzika. Nilipofika Likasi kwa likizo ilikuwa mwaka umeshapita, na padri wa parokia akaniomba nizungumze na Wakristo kuhusu kazi yangu. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Nilivaa suti. Ukumbi ulijaa, Mama akiwa kiti cha mbele na kitenge kipya, na kando yake rafiki yake Tantine Béa, anayeuza samaki wakavu wa Lufira kwenye meza iliyogusana na ya Mama tangu mimi nikiwa shule.

Nilieleza kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo njo ni ndiyo na juu ni kwa sababu, ili hata watoto waelewe, na walielewa. Hilo ndilo lililokuwa balaa. Nilisema hivi, kwenye maikrofoni:

"Hii nyota ilikufwaka. Lakini inaamuka, juu iko inakula ndugu yake mwenye iko pembeni. Namna inakula, njo namna inawaka, njo namna inazunguka mbio kupita zote."

Nilingoja makofi. Mtu mmoja alikohoa. Tantine Béa akanyosha mkono.

"Docteur, na ile ndugu, inafwa?"

"Polepole, Tantine. Inaisha."

"Na hii yenye kumukula, inakuwa na nguvu?"

"Nguvu sana!"

"Merci, docteur," alisema Tantine Béa, akaketi, akakaza kitenge chake kiunoni.

Kwa yeyote asiye wa huku: kwetu kula mutu hakuhitaji meno. Mtu akipanda haraka maishani, na nyumbani kwao kijana akafa bila kueleweka, watu husema alimla. Husema ni mulozi, mchawi, na kwamba nguvu za marehemu ndizo anazong'aa nazo. Nami nilikuwa nimepanda haraka, nina suti, na nimesimama mbele ya parokia nzima nikisifia kitu kilichokufa kikafufuka kwa kula ndugu yake. Nimeichambua hotuba ile mara nyingi. Fizikia yake haikuwa na dosari. Kitenzi ndicho kilichoniangusha.

Nilirudi kazini bila kujua lolote. Baadaye Mama alipiga simu. Beseni lake la vitumbula, ambalo zamani lilikuwa tupu kabla jua halijawa kali, lilikuwa linarudi nyumbani limejaa. Watu walimsalimu vizuri, waliuliza habari, kisha walinunua mkate wa dukani. Maana chakula cha nyumba ya namna hiyo hakiliwi. Tantine Béa alikuwa amehamisha meza yake, akaenda kukaa karibu na wauza makaa.

"Banatuita balozi," alisema Mama.

Nilipokata simu, Gervas aliuona uso wangu akauliza kuna nini. Nilimwambia kwamba huko nyumbani familia yetu sasa inaitwa balozi. Aliruka kutoka kitini, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Hongera sana, ndugu yangu! Ubalozi wa nchi gani?"

Ilinibidi nimweleze kwamba kwetu Katanga balozi ni wingi wa mulozi. Gervas alikaa chini polepole. Kisha akacheka, kisha akaomba radhi, kisha akacheka tena, na mimi nikacheka naye, kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu. Maana simu iliyofuata haikuwa ya kuchekesha.

"Anaclet. Nakuuliza kama mama yako. Fidèle, ulimukula?"

"Mama! Hapana."

"Basi ile kazi ni ya nini?"

"Ni ya nyota tu, Mama."

"Nyota zenye kula ndugu."

"Ni namna ya kusema."

"Ni weye ulisema. Mu salle ya parokia, na micro."

Mimi, ambaye niliwahi kujibu maswali ya jopo zima la maprofesa nikiwa na jino linalouma, nilitafuta neno jingine kwa miezi. Nilijaribu kumwambia kwamba nyota inapokea. Akauliza, anapokea bila kuomba? Nilijaribu kusema inachota. Akasema wezi pia wanachota. Kila neno lilinirudisha pale pale, na kila nilipopiga simu nilisikia akipumua kabla ya kunijibu, kama mtu anayepima kama mlango umefungwa vizuri.

Ndipo nikarudi Likasi kabisa. Rasmi nilirudi kufungua meza ya zamu ya kwanza nchini, na hilo ni kweli, na jiwe la msingi lingekuwa na jina langu kama tungekuwa na jiwe. Kituo kilikubali nifanye zamu zangu kutoka huku kwa mtandao. Madame Hortense, wakati huo mzee kabisa, alisema, "Nyota hazitajali uko wapi. Umeme ndio utakaojali." Alisema kweli. Umeme wa bwawa la Mwadingusha una siku zake na matakwa yake, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichonunua si kompyuta, ni betri. Zipangeni kama nilivyozipanga, na msikubali mtu yeyote achajie simu yake humo, hata padri.

Nyumbani Mama alinipokea vizuri. Alinipikia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kila siku, akaniwekea mezani, kisha akaenda kula peke yake jikoni. Mimi nilikula chini ya diploma zangu.

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa peke yangu katika chumba hiki ambacho bado kilinuka rangi, nyota moja iliyolala miaka mingi iliinua mstari wake. Jua: mbali. Kamera ya pili: ndiyo. Jirani: wamelala. Nilitangaza kutoka Likasi, na setilaiti ikageuzwa kwa neno la mtu wa Likasi. Sikutoka kwenda kula. Mchana umeshasogea, mlango ukafunguliwa, Mama akaingia na sahani iliyofunikwa, na kichwani beseni lake la vitumbula likiwa limejaa kama kawaida. Alikuwa hajawahi kukanyaga chumba hiki. Alisimama mbali nami, akatazama kioo cha kompyuta, ambapo nilikuwa nimefungua mchoro wa nyota mbili niliouchora mwenyewe.

"Hii njo yenyewe?"

"Njo yenyewe, Mama. Hii kidogo njo ile yenye kuwaka."

"Na hii ingine? Juu ya nini iko na ncha?"

"Ile kidogo inaivuta. Inavutika mpaka inakuwa na ncha. Vitu vyake vinapita pa ile ncha, vinaenda kwa mwenzake."

"Pa ncha tu? Haimuume?"

"Haimuume. Hata hazigusane."

"Inamunyanganya kwa nguvu?"

"Hapana. Imejaa mpaka pa ncha, halafu inamwagika yenyewe."

Mama alitua beseni chini. Alikaribia kioo, akaweka kidole kwenye mchoro wangu, akakifuatisha ule mviringo unaochongoka upande mmoja, mpaka kwenye ncha.

"Anaclet. Minye nilizaa batoto saba. Hii ni ziwa."

"Mama, ni umbo la..."

"Ni ziwa. Na huyu mudogo iko ananyonya. Nani alikuambia anakula?"

"Vitabu."

"Babaume njo baliandika ile vitabu."

Nilikuwa karibu kulipata neno hilo mimi mwenyewe, na ningelipata, kwa kuwa mchoro ni wangu. Lakini yeye alitangulia. Nilikaa nikalipima kama nilivyofundishwa, nikitafuta jua lake liko wapi. Sikuliona. Nilimwambia kwamba nyota hii ilikuwa imepoa, imekwisha, na kwamba kinachoirudishia mwendo ni hicho tu inachopata kwenye ile ncha.

"Mutoto akinyonya muzuri, anapiga miguu," alisema.

"Mara mamia kwa sekunde moja, Mama."

"Basi ni mwanaume. Na huyu mwenye kunyonyesha, anabakia na nini?"

"Anakonda. Anakuwa mwepesi sana. Lakini haendi. Anaendelea kumzunguka."

Mama aliivuta ile ndoo tunayowekea vitambaa vya kufutia, akaigeuza, akakaa juu yake karibu na goti langu.

"Ile siku ku telefone nilikuuliza neno ya Fidèle."

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa mbali. Mutu akiwa mbali hauone uso yake. Na Fidèle alikuwa wa mwisho, minye njo nilimuachisha ziwa, hakuna mwingine kisha yeye." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ile neno, naitosha mu kinywa, naitupa. Umesikia? Naitosha. Lete sahani."

Alifunua bukari, akakata tonge lake, akalichovya upande mmoja wa sahani, mimi nikachovya upande mwingine. Mlipuko wa nyota ulikuwa unaendelea kupanda kwenye kioo na nilipaswa kuandika taarifa ya pili. Taarifa ilichelewa. Ndiyo pekee iliyochelewa katika kazi yangu yote, na Gervas huitaja kila Krismasi.

Miaka iliyofuata mnaijua, mlikuja mmoja mmoja mkakaa mezani, na kila mmoja wenu nimemwonyesha mstari unaopanda na kumwuliza anaona nini. Kwa hiyo namalizia na Jumamosi ile ile.

Mama aliniamuru nimsindikize sokoni. "Utakuya," alisema, "lakini hautasema kintu. Micro uliishaka kuipata." Nilibeba beseni. Hakuliweka kwenye meza yake. Alipita katikati ya soko la Kikula, mimi nyuma yake, mpaka kwa wauza makaa, akaniamuru niliweke juu ya meza ya Tantine Béa, kando ya samaki. Wanawake waliokuwa karibu wakaacha kupanga nyanya zao.

"Béa. Ile siku uliuliza kama ile ndugu inafwa."

"Niliuliza," alisema Tantine Béa bila kunitazama.

"Haiko ndugu. Ni mama yake. Iko anamunyonyesha."

"Nyota?"

"Nyota. Nilimuona na macho yangu, mu kompyuta ya huyu. Iko na ziwa."

Muuza nyanya aliguna. "Bulaya muzima balisoma, hakuna mwenye aliona ziwa?"

"Balikuwa banaangalia ingine," alisema mwanamke mwingine, na kicheko kikapita meza hadi meza. Tantine Béa peke yake hakucheka.

"Na ile mama, anaisha?"

"Anakonda. Anabakia mudogo, mwepesi, anamuzunguka tu. Weye, mbele ya kuzaa batoto, ulikuwaka namna gani?"

"Minye?" Tantine Béa alijitazama kifuani, akatazama mikono yake myembamba. "Nilikuwaka munene! Juu ya kunikumbatia, bwana yangu alikuwa anazunguka mara mbili!"

Sasa walicheka mpaka wauza makaa wakainuka kuona kuna nini. Kicheko kilipotulia, Tantine Béa alinigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu ule ukumbi alinitazama machoni.

"Docteur, ni vile?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba mama na mtoto ni mfano tu. Kwamba sahani ya gesi iko katikati na si jambo dogo. Kwamba nyota nyingine za namna hii, zikishashiba na kuacha, huanza kumchoma kwa upepo wao yule yule aliyezilisha, mpaka asibaki kitu. Nina diploma ya jambo hilo hasa. Nilimtazama Mama, aliyesimama ameshika ukingo wa beseni kwa mikono miwili.

"Ni vile, Tantine."

Tantine Béa alifuta vidole vyake kwenye kitenge, akachagua kitumbula kimoja cha juu, akakigeuza, akakinusa. Akauma. Akatafuna taratibu, akameza, akatulia kidogo kama anayesikiliza tumbo lake. Kisha akauma tena, kipande kikubwa zaidi.

"Sukari ni kidogo," alisema, mdomo umejaa.

"Kula, unyamaze," alisema Mama.